Maji Baridi na Maji Matamu: Istilahi za Uvuvi wa Besi Mwanzoni mwa Majira ya Kuchipua

Kazi ya mfasiri haiwi ngumu pale tu anapokutana na neno asilolijua. Mara nyingi huwa ngumu zaidi anapokutana na neno analodhani analijua. Neno geni humsimamisha, akafungua kamusi, akauliza wenzake. Lakini neno la kila siku humpitisha bila kumtahadharisha, na kosa likishaingia katika maandishi halionekani tena, kwa kuwa sentensi husomeka vizuri. Katika makala haya tunakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano mmoja uliotoka mbali na mazingira yetu, nao ni uvuvi wa samaki aitwaye besi huko Marekani, katika siku zile ambazo baridi kali huanza kuondoka na miti huanza kutoa majani.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tumekwenda mbali kiasi hicho kutafuta mfano. Sababu ni kwamba besi si mgeni kabisa Barani Afrika. Aliletwa Kenya na kutiwa katika Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, na Afrika ya Kusini alifikishwa mwaka 1928. Lakini sehemu kubwa ya maandishi ya kitaalamu yanayomhusu yameandikwa Marekani, kwa ajili ya watu wenye majira, pepo na maji yasiyofanana na yetu. Afisa wa uvuvi, mwalimu wa elimu ya viumbe, au mfasiri wa taarifa ya serikali akitaka kuyatumia maandishi hayo, hana budi kwanza kuyageuza, na hapo ndipo maneno ya kila siku yanapomtega.

Tuseme basi kwamba mfasiri amepewa maelezo mafupi juu ya uvuvi huo, naye akaandika hivi: "Masika yanapoanza, na upepo wa kaskazi unapotulia, besi, ambaye ni samaki wa maji baridi, huondoka katika maji baridi ya kilindi cha ziwa na kwenda kutaga mayai penye magugu maji." Kila neno katika sentensi hiyo ni Kiswahili fasaha, na sarufi yake haina dosari. Hata hivyo msomaji akiifuata atapotoka karibu kila hatua. Tuipitie kipande kwa kipande.

Jina la samaki

Tuanze na jina lenyewe. Wataalamu humwita samaki huyu kwa Kilatini Micropterus salmoides, na majina yote mawili yanatokana na kazi ya Mfaransa Lacépède, aliyoichapisha mwaka 1802. La kwanza lina maana ya "mwenye pezi dogo". Lacépède alilitoa baada ya kumchunguza samaki wa aina ya jirani, ambaye pezi lake la mgongoni lilikuwa limeharibika, hata kipande cha nyuma kikaonekana kama pezi dogo la peke yake. Jina la pili lina maana ya "mfano wa samoni", ingawa besi na samoni hawana udugu wa karibu. Basi jina zima limejengwa juu ya ajali moja na mfanano wa mbali. Aidha, mwaka 2022 watafiti waliolinganisha chembe za urithi walieleza kwamba jina salmoides ni haki ya besi wa Florida, na kwamba ndugu yake aliyeenea zaidi aitwe Micropterus nigricans. Mfasiri akiyakuta majina yote mawili katika vitabu vya miaka mbalimbali, asidhani kuwa mwandishi mmojawapo amekosea.

Katika Kiswahili iko hatari ya kutafuta samaki wetu anayefanana naye na kumvisha jina hilo. Mmoja anaweza kuvutwa na chewa, kwa ajili ya mdomo wake mpana. Lakini chewa ni samaki wa baharini. Mwingine atasema "sangara wa Marekani". Hili ni baya zaidi, kwa sababu sangara ana historia yake katika Ziwa Viktoria, ana biashara yake, na anaweza kupita kilo 100. Besi mkubwa kabisa aliyeandikwa katika kumbukumbu za uvuvi wa mshipi alizidi kilo 10 kidogo tu: mmoja alivuliwa na George Perry huko Georgia mwaka 1932, na mwenzake wa uzito uo huo, au kumpita kwa gramu chache, alivuliwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009.

Kwa hiyo tunaona kuwa utohozi ndio njia salama, na umbo linaloafiki matamshi yetu ni besi. Pingamizi lililopo ni kwamba neno hilo tunalo tayari katika muziki, kama tusemapo sauti ya besi au gita la besi. Pingamizi hili si zito, kwa kuwa upatanisho wa sarufi utatutenganishia maana. Sauti itakuwa "besi hii inasikika", na samaki atakuwa "besi huyu anaonekana", wengi wao wakiwa "besi hawa". Hapa sarufi ya Kiswahili inatufanyia kazi ambayo Kiingereza hakiwezi kuifanya, ingawa huko nako maneno hayo mawili huandikwa kwa herufi zile zile.

Kwa kuwa besi ni wa aina kadhaa, tunapendekeza aina kuu mbili ziitwe besi mdomo-mkubwa na besi mdomo-mdogo. Tofauti yao huonekana kwa macho: mdomo wa kwanza ukifungwa, taya la juu hupita nyuma ya jicho, la wa pili haliupiti upande wa nyuma wa jicho. Umbo la ukubwa, yaani domo, tumeliepuka kwa makusudi, maana katika mazungumzo lina harufu ya kebehi.

Majira na pepo

Majira ya Waswahili yamepewa majina kwa kufuata pepo na mvua. Masika ni majira ya mvua kubwa, vuli ni ya mvua ndogo, na kaskazi na kusi ni pepo ambazo pia ni majira. Majira ya nchi zilizo mbali na Ikweta hufuata jambo jingine, nalo ni urefu wa mchana na kiasi cha joto. Anayeandika "masika" mahali pa majira yanayofuata baridi kali humwambia msomaji kwamba kilichobadilika ni mvua, na msomaji atahitimisha kwamba samaki huamshwa na mvua. Sivyo. Besi huamshwa hasa na joto la maji na kurefuka kwa mchana. Istilahi majira ya kuchipua, ambayo imekwisha kuzoeleka katika vitabu vingi, yafaa kuendelea kutumiwa, kwa kuwa haidai mvua wala upepo.

Neno kaskazi ni mtego mkubwa zaidi. Katika pwani yetu upepo wa kaskazi huja na siku za joto, na upepo wa kusi ndio unaotuletea baridi ya kipupwe. Katika jimbo la Alabama mambo yamepinduka: upepo utokao kaskazini huleta baridi, na utokao kusini huleta uvuguvugu. Mvuvi wa huko, katika siku za mwanzo wa kuchipua, huanzia upande wa kaskazini wa maji, kwa sababu ufuko huo hukabili jua ambalo wakati huo liko kusini, nao hukingwa na pepo za baridi. Hivyo maji yake hutangulia kupata joto. Mfasiri akiandika "kaskazi" mahali pa "upepo utokao kaskazini", atakuwa ametaja upepo wa joto pale ambapo mwandishi ametaja upepo wa baridi.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba majira hayo hayana mwezi mmoja duniani kote. Kwa kalenda ya Marekani huanza karibu na tarehe 20 Machi, lakini Afrika ya Kusini huanza Septemba. Wala wavuvi hawaifuati kalenda, bali hufuata kipimajoto. Katika majimbo ya kusini ya Marekani besi huanza kusogea tangu Februari, ilhali maziwa mengi ya majimbo ya kaskazini bado yamefunikwa na barafu. Ndiyo maana fainali kubwa ya wavuvi wa besi wa Marekani, ilipofanyika Guntersville, Alabama, ilifanyika Februari mwaka 2014 na mwanzoni mwa Machi mwaka 2020, na katika miaka yote miwili wavuvi walihesabu kwamba kuchipua kwa samaki kumekwisha kuanza. Kwa hiyo mfasiri asigeuze jina la majira kuwa jina la mwezi bila kutaja mahali.

Maji baridi yapi?

Sasa tufike penye kiini cha makala haya. Katika ofisi zetu za uvuvi na katika vitabu vya shule, "samaki wa maji baridi" ni samaki wa mito na maziwa, kinyume cha samaki wa maji ya chumvi. Matumizi hayo yamekita mizizi wala hatukusudii kuyang'oa. Lakini maneno hayo hayo, kwa maana yake ya asili, ni maji yenye baridi. Pale ambapo jambo linalozungumzwa ni halijoto, maana hizi mbili haziwezi kukaa katika sentensi moja bila kugombana.

Besi ni samaki wa maji baridi kwa maana ya kwanza, lakini kwa maana ya pili si wa maji baridi hata kidogo. Hukua vizuri zaidi katika maji ya kati ya nyuzi 25 na 30 za Sentigredi, na maji yakipoa sana yeye huzubaa, hula kidogo, na mmeng'enyo wake huenda polepole. Trauti, samaki aliyeletwa katika mito ya milima ya Kenya mapema katika karne ya 20, naye ni samaki wa maji baridi, lakini kwa maana zote mbili, kwani hutaka maji yasiyozidi nyuzi 20 hivi. Afisa akisoma taarifa mbili, moja ya besi na moja ya trauti, na zote zikamwambia "samaki wa maji baridi", atadhani kwamba wawili hao wanaweza kuishi mahali pamoja kwa masharti yale yale.

Kosa kama hilo si la vitabuni tu. Besi ni mlaji wa samaki wengine, na ametajwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe 100 wavamizi waliodhuru zaidi. Alipotiwa katika Ziwa Atitlán, Guatemala, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwala samaki wadogo na kaa, naye huhesabiwa miongoni mwa sababu za kutoweka kwa ndege mmoja wa majini aliyekuwa akiishi ziwani humo peke yake. Japani, ambako aliingizwa mwaka 1925, sheria ilipiga marufuku kumfuga na kumsafirisha tangu mwaka 2005. Anayeamua samaki gani atiwe katika maji gani huamua kwa kutegemea maandishi, na ikiwa maandishi hayo ni tafsiri, basi sehemu ya uamuzi huo imo mikononi mwa mfasiri.

Tunapendekeza kwamba katika maandishi yanayogusia halijoto, maji yasiyo na chumvi yaitwe maji matamu. Neno hili halikubuniwa leo. Watu wa pwani hulitumia wanapotofautisha kisima cha maji ya kunywa na kile cha maji ya chumvi. Hivyo "maji baridi" yatabaki kuwa maji yenye baridi, na besi ataelezwa pasipo utata kuwa ni samaki wa maji matamu apendaye joto.

Ziwa, bwawa na majani

Guntersville, tuliyokwisha kuitaja, huitwa ziwa katika ramani za Marekani. Lakini ni maji ya Mto Tennessee yaliyozuiwa kwa ukuta uliokamilika mwaka 1939, nayo yamefunika hekta zipatazo 28,000. Kwa desturi yetu hayo ni bwawa, kama tusemavyo Bwawa la Mtera na Bwawa la Nyumba ya Mungu. Tofauti hii ina maana kwa mvuvi. Chini ya bwawa kuna njia ya zamani ya mto pamoja na vijito vyake vilivyofunikwa na maji; besi hupitisha baridi karibu na njia hizo za kilindi, na joto lirudipo huzifuata kama barabara hadi kwenye kina kifupi. Msomaji akiambiwa "ziwa" hatajua njia hizo zimetoka wapi. Kwa upande mwingine, neno bwawa lisitumiwe kwa ukuta wenyewe. Huo uitwe ukuta wa bwawa.

Ama "magugu maji", neno hili katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria limekwisha kuwa jina la mmea mmoja maalumu unaoelea juu. Mimea ya Guntersville ambamo besi hujificha ina mizizi chini na huota ndani ya maji. Yafaa isemwe waziwazi: majani yaotayo chini ya maji.

Zana na namna ya kuvua

Katika zana hatuna upungufu mkubwa. Mshipi, ndoana, chambo na chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi, ni maneno yetu ya siku nyingi. Kinachohitajika ni kuyaunganisha. Kitu kilichotengenezwa kwa mbao au plastiki ili kumdanganya samaki ni chambo bandia. Ndoana iliyosubiwa risasi kichwani pake tunaiita ndoana-chubwi. Kipo pia chambo bandia chenye umbo la samaki mdogo na tundu ndani lililotiwa vigololi, ambacho kikivutwa hulia. Hicho tunapendekeza kiitwe chambo-njuga, maana hulia kama njuga za miguuni mwa mchezaji ngoma. Mvuvi hukipitisha juu ya majani yaotayo chini ya maji, kikinasa hukichomoa kwa mkupuo, na mara nyingi besi hukishambulia wakati huo huo kinapochomoka. Maji yakiwa na baridi zaidi, mvuvi huiburuta ndoana-chubwi polepole, kwa kuwa samaki aliyezubaa hafukuzi windo liendalo kasi.

Chambo kingi cha siku hizo hupakwa rangi nyekundu au ya kahawia, ili kifanane na kamba wa maji matamu, ambaye ni chakula kikuu cha besi. Kamba wa aina hiyo kutoka Marekani aliingizwa Naivasha mwaka 1970. Hivyo mlaji na mliwa wa kwao wamekutana tena chini ya Ikweta, katika ziwa lisilojua baridi kali wala kuchipua.

Kujongea si kutaga

Kosa la mwisho katika sentensi yetu limo katika maneno "kwenda kutaga mayai". Mwanzoni mwa majira ya kuchipua besi bado hatagi. Maji yakipanda kutoka nyuzi 8 hivi kuelekea 15, husogea kwenye kina kifupi, hula sana na kungoja. Kipindi hiki tunakiita kujongea. Kutaga kwenyewe huanza maji yafikapo nyuzi 16 hivi na zaidi. Hapo dume hufagia mchanga au changarawe kwa mkia wake na kufanya kishimo, jike hutaga humo na kwenda zake, na dume hubaki akiyalinda mayai na baadaye watoto. Kishimo hicho tunapendekeza kiitwe kiota. Wafugaji wa samaki nchini wamekwisha kusema vifaranga vya samaki, na lugha iliyokubali vifaranga majini haiwezi kukataa kiota.

Tofauti kati ya kujongea na kutaga ni ya kisheria pia. Dume akiondolewa juu ya kiota, hata kama atarudishwa majini baada ya muda mfupi, samaki wengine huwahi kuyala mayai. Kwa ajili hiyo baadhi ya majimbo ya Marekani na Kanada hufunga uvuvi wa besi katika kipindi cha kutaga, au huruhusu kuvua na kurudisha tu. Mfasiri wa kanuni kama hizo akichanganya vipindi hivyo viwili, atafungua uvuvi uliofungwa au kufunga uliofunguliwa.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawaletea wasomaji istilahi zifuatazo:

Besi: samaki wa maji matamu, mlaji wa samaki wengine, mwenye asili ya Amerika ya Kaskazini, huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai.
Majira ya kuchipua: majira yanayofuata baridi kali katika nchi zilizo mbali na Ikweta.
Maji matamu: maji yasiyo na chumvi, yawe ya baridi au ya joto.
Maji baridi: katika maandishi yanayotaja halijoto, maji yenye baridi tu.
Bwawa: maji yaliyokusanyika kwa kuzuiwa mto, ukuta wa bwawa ni kile kinachoyazuia.
Chambo bandia: kitu kisicholiwa kilichoundwa kumdanganya samaki.
Ndoana-chubwi: ndoana iliyosubiwa risasi kichwani.
Chambo-njuga: chambo bandia chenye vigololi vinavyolia ndani.
Kujongea: kipindi cha samaki kusogea kwenye kina kifupi kabla ya kutaga.
Kiota: kishimo kilichofanywa na samaki kwa ajili ya kutagia.

Tukizitumia istilahi hizo, sentensi tuliyoanza nayo itakuwa hivi: "Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, pepo za baridi zitokazo kaskazini zinapotulia, besi, ambaye ni samaki wa maji matamu apendaye joto, huondoka katika kilindi cha bwawa na kujongea kwenye kina kifupi chenye majani yaliyoota chini ya maji, akila na kungoja halijoto ya kutagia." Ni ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza, lakini afisa wa uvuvi anaweza kuitegemea.

Hatudai kwamba mapendekezo haya yamekamilika. Wavuvi wa Naivasha na wa maziwa yetu mengine huenda wanayo maneno yaliyo bora kuliko haya, na istilahi inayotoka kinywani mwa mwenye kazi haina haja ya kubuniwa ofisini. Tunawaomba walimu na watumishi walio karibu nao wayasikilize maneno hayo, wayaandike pamoja na maana zake, na kutuletea, ili yapate kujadiliwa katika kurasa hizi.